Ubao wa Sponji wa Futi 8, Watu Wanne na Asubuhi Moja ya Mawimbi

Ubao ninaoutathmini hapa ni ule wa kuteleza juu ya mawimbi ambao mabingwa huupita dukani bila kuugeukia: urefu wake ni futi 8, kiini chake ni povu gumu jeupe la aina ile ile inayofungiwa televisheni mpya, juu umevikwa sponji laini na chini umebandikwa plastiki inayoteleza. Niliununua kwa sababu moja tu. Sisi marafiki wanne, tuliojifunza mchezo huu pamoja tukiwa vijana, tulikuwa tumeahidiana kwa miaka kwamba ipo siku tutarudi majini pamoja, na siku hiyo ilipokaribia nilitambua kwamba ubao wangu wa zamani, wenye ujazo usiofika lita 30, usingeweza tena kunibeba mimi pamoja na kitambi nilichokipata tangu tulipotawanyika.

Nianze na ujazo, kwa kuwa sifa nyingi za ubao huu zinatokana nao. Karibu na mkia pameandikwa lita 86. Kwa hesabu ya haraka, kila lita 1 inayozamishwa majini huinua uzito wa takriban kilo 1, kwa hiyo mtu wa kilo 80 akilala juu yake ubao hautitii. Faida yake haionekani mpaka wimbi lenyewe linapokuja. Wimbi huvunjika linapofika mahali ambapo kina cha maji kinakaribia kimo chake, na mwenye ubao mfupi hulazimika kulingoja pale pale linapoinuka kama ukuta, akawa na nukta chache tu za kusimama. Ubao huu hulidaka mapema, wimbi likiwa bado kilima cha maji kinachotembea, na mtu akapata muda wa kujikusanya.

Tuliingia saa 12 asubuhi, wakati umande, yaani ule upepo mwembamba wa kutoka nchi kavu, ulikuwa bado unavuma. Upepo huo huyakabili mawimbi usoni, ukayachelewesha kuvunjika na kuyaacha laini, na ndiyo maana watu wa mchezo huu huamka na majogoo. Maji yalikuwa yakijaa juu ya mchanga mtupu usio na miamba, na mawimbi yalikuwa ya kimo cha goti hadi kiuno. Mbao zilikuwa tatu: huu, mwingine wa aina hii hii alioazima mwenzetu mmoja, na ubao mfupi wa nyuzi za kioo wa yule ambaye tangu ujana alikuwa akituzidi sote. Wa nne alikaa ufukweni akingoja zamu, akitoa maagizo ambayo hakuna aliyeyaomba.

Wa kwanza kuupanda ubao wangu hakuwa amesimama juu ya wimbi kwa miaka mingi. Hakuruka kusimama kama inavyofundishwa. Aliweka goti moja, kisha la pili, kisha akajisukuma kwa viganja kama mzee anayeinuka kutoka kwenye mkeka. Ubao mfupi ungekwisha kummwaga kabla ya goti la pili. Huu ulimsubiri, ukaendelea kwenda moja kwa moja bila kuyumba, naye akafika karibu na mchanga akiwa amesimama wima, mikono imetanda, kinywa wazi. Kwa kazi hiyo sina lawama yoyote juu yake.

Jambo ambalo maelezo ya kiwandani hayalitaji ni namna ubao unavyofaa kwa kukalia. Muda mwingi wa mchezo huu hupita katika kupiga maji kwa mikono na kungoja, kwa sababu mawimbi huja kwa makundi yenye vituo katikati, na kwa watu waliopoteana muda mrefu vituo hivyo ndivyo vyenye thamani. Mimi na mwenzangu tulikaa tumepanga magoti juu ya mbao zetu pana, tukaulizana habari za wazazi, za watoto na za kazi zilizotushinda, huku mwenye ubao mfupi akiwa amezama hadi kifuani na akilazimika kuchezesha miguu ili asipinduke. “Nyie mmekaa barazani,” alitwambia, “mimi niko kisimani.”

Hata hivyo, yeye ndiye aliyetuonyesha tusichoweza kukifanya. Aliposhika wimbi la kiunoni alishuka, akageuka chini yake na kupanda tena hadi ukingoni, mkono ukigusa maji, na nakiri kwamba nilimwonea wivu. Ubao wa sponji haukubali mchezo huo. Kingo zake ni nene, hazikati maji. Mapezi yake, yale ya chini ya mkia, ni matatu, kwa mpangilio uliotiwa umaarufu na Simon Anderson wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini ni ya plastiki laini inayopinda kwa kidole, na ukilazimisha kona kali mkia huponyoka. Anayetaka kukata kona atafute ubao mwingine.

Lawama yangu kubwa ni ya kamba ya mguuni, ile inayomfunga mtu na ubao wake. Urefu wake ni futi 8, sawa na ubao, kama inavyopaswa, lakini mkanda wa velkro unaofungwa kifundoni ni mwembamba na hushika vibaya ukiingia mchanga, na mchanga hauna budi kuingia watu wanapopokezana ubao. Kwenye wimbi langu la tano nilianguka, nikahisi mkanda ukiachia, na nilipoibuka nikaona ubao ukienda peke yake kumkabili rafiki yangu aliyekuwa akirudi kutoka ufukweni. Ulimgonga begani. Aliguna, akaushika, akanirudishia na tusi moja la utotoni. Begani palibaki alama nyekundu iliyofifia kabla hatujatoka majini. Ungekuwa ni ule wa nyuzi za kioo tungekuwa tunazungumzia nyuzi za daktari. Hivyo ulaini wa ubao ulifidia uhafifu wa kamba yake, ingawa si udhuru: ubao wa kilo 5 ukisukumwa na wimbi bado unaweza kumjeruhi mtu, hasa kwa pezi. Kamba si pambo. Mwaka 1971, Jack O’Neill wa Marekani, mtengenezaji mashuhuri wa nguo za mpira za kuvalia majini, alipoteza jicho baada ya kamba ya mpira ya siku zile kuvutika na kuurusha ubao kama manati. Kamba za leo zimelipunguza sana tatizo hilo, na kiwanda kinachotoa ubao mzuri kiasi hiki hakikuwa na sababu ya kubana matumizi kwenye mkanda.

Mengine ni madogo. Sponji ya juu hukwaruza kifua, kwa hiyo vaa fulana ya kubana. Tumeambiwa ubao huu hauhitaji nta ya kuzuia miguu isiteleze. Mguu wangu wa nyuma uliteleza mara mbili mpaka tulipoipaka nta sehemu ya mkia, ukatulia.

Saa 3 upepo uligeuka ukaanza kutoka baharini, mawimbi yakachakaa, tukatoka. Nilipouegemeza ubao kivulini, mkia chini (usiuache juani, hewa iliyomo ndani hutanuka na ngozi ikabanduka), niliona matone yakitoka kwenye tundu la skrubu ya pezi la katikati. Tulikaa, tukazungumza, tukacheka hadi mbavu zikauma, na matone yalikuwa bado yanadondoka. Maji yameingia kwenye kiini, baada ya asubuhi moja tu. Nimezifungua skrubu zote, nimeuacha ukauke kwa siku kadhaa, kisha nimeziba matundu kwa gundi isiyopitisha maji, na kamba nimenunua nyingine yenye mkanda mpana. Jumamosi ijayo anaanza yule aliyegongwa begani. Amekataa kusikiliza hoja nyingine yoyote.