Futari ya Ijumaa ya Kwaresima kwa mama lishe wa Bagamoyo

Mkristo anayetafuta mahali pa kufungulia Ijumaa ya Kwaresima mjini Bagamoyo hatakosea akienda kwenye kibanda cha mama lishe kilicho karibu na soko la samaki, ingawa mwenyewe ni Mwislamu na chakula amekiandaa kwa ajili ya futari. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache baada ya mwezi wa Ramadhani kuandama, kwa hiyo kwa majuma kadhaa tulifunga pamoja na majirani zetu Waislamu. Kanisa Katoliki huagiza mfungo Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, na kuacha nyama kila Ijumaa, lakini wapo wengi wanaofunga Ijumaa zote kwa hiari, nami ni mmoja wao.

Nilifika hapo nikitoka kwenye Njia ya Msalaba katika kanisa la Misheni, ile iliyoanzishwa mwaka 1868 na mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliowakomboa watumwa na kuwapa makao.

Mihogo ya nazi ilikuwa laini, tui lake zito, na changu wa kukaanga alikuwa wa siku hiyohiyo. Magimbi yalipungua chumvi. Uji wa pilipili manga ulivipita vyote, kwa kuwa ulikuwa mwepesi na wa moto, ukishuka taratibu katika tumbo lililoshinda tupu.

Hata hivyo, sifa kubwa ya kibanda hiki ni ukarimu wake. Adhana ya Magharibi iliposikika, mama hakuanza na wateja walioshika fedha, bali alizungusha sinia la tende kwa kila aliyekuwepo, akiwamo mchukuzi wa samaki aliyesimama pembeni bila kuagiza kitu, kisha akamjazia bakuli la uji akisema, "Karibu, baba, ufuturu kwanza." Alipoiona rozari mkononi mwangu aliniuliza kama nami nimefunga, na nilipoitikia akanisogezea sinia tena: "Basi pokea, mwanangu, mfungo ni wa Mungu."

Injili ya Mathayo sura ya 25, ambamo Kristo anasema kwamba aliyemlisha mwenye njaa amemlisha yeye, husomwa Jumatatu ya juma la kwanza la Kwaresima. Nilikuwa nimeisikia kanisani siku chache tu kabla, na hapo nikaiona ikitendwa. Sina shaka kwamba Bwana alikuwapo, katika mchukuzi yule aliyelipokea bakuli kwa mikono miwili.

Mabenchi ni machache, taa ni hafifu, na ndoo ya maji ya kunawa ni moja kwa watu wote. Bei ni nafuu. Anayekwenda na familia awahi kabla ya jua kuzama na aagize samaki mapema, maana huisha haraka, na akijaliwa alipie bakuli moja la ziada kwa ajili ya atakayefika hana kitu, kwani mama hupokea malipo ya namna hiyo na huyafikisha.