Nimekatiwa upya kraun ya Garand kwa dola 85, kazi nzuri ila mzee hajui kupiga simu

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya kuchelewesha tu, kazi yenyewe sina neno nayo.

Huyu ni fundi bunduki wa hapa Ohio, mzee ana karakana nyuma ya nyumba yake, kama saa moja na ushee kwa gari kutoka Columbus. Jina siweki maana kuna lawama kidogo huko chini. Nilimpelekea M1 Garand, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani inayotumia risasi za .30-06, akate upya kraun. Kraun kwa asiyejua ni ule ukingo wa mwisho kabisa wa mdomo wa mtutu, pale mifereji ya ndani inapoishia na risasi inapoachana na chuma. Sehemu yenyewe ndogo, unaifunika kwa kidole gumba na kinabaki.

Sasa kwanini utoe dola 85 kwa kitu kidogo hivyo? Risasi ya .30-06 inatoka mdomoni na kasi ya mita 800 na zaidi kwa sekunde, na nyuma yake kuna gesi ya baruti ambayo bado imebanwa kwa maelfu ya pauni kwa kila inchi ya mraba. Kitako cha risasi kikishaachia tu mtutu ile gesi inafyatuka na kuipita risasi, yaani kwa muda mfupi sana gesi inakimbia kuliko risasi yenyewe. Ukingo ukiwa sawa mzunguko mzima gesi inatoka sawa, risasi inaendelea na safari yake. Ila upande mmoja ukiwa umelika au umebonyea, gesi inawahi kuvuja upande huo wakati upande wa pili bado umeshika, inakipiga kitako kwa ubavuni na risasi inaondoka ikiwa inayumba. Ni kama abiria anarukia chini daladala haijasimama halafu konda akamgusa kisigino, hata amguse kidogo vipi hawezi kutua pale alipopanga.

Kuna jamaa klabuni kwetu huwa anabisha, anasema kama kasoro ni ileile kila siku basi risasi zote zihamie upande uleule, kundi la matundu libaki dogo tu, urekebishe saiti (kile cha kulengea) yaishe. Ni hoja ya maana na kwa sehemu ana haki, kasoro ndogo sana unaweza usiione kabisa kwenye karatasi. Shida ni kwamba vitako vya risasi havifanani mia kwa mia, baruti haiungui sawasawa kila mara, kwahiyo ule msukumo wa pembeni leo mkubwa kesho mdogo na kundi linatawanyika. Risasi za bei chee za jeshi ndio usiseme.

Garand ina ugonjwa wake kwenye hili. Kwenye bunduki ya bolti, ile unayoivuta komeo lake kwa mkono kila risasi, unachomoa hiyo bolti, unapitisha mdeki (fimbo ya kusafishia) kutokea nyuma, mdomo wa mtutu hauguswi. Garand nyuma imezibwa na resiva, lile sanduku la chuma linaloshika mtutu na bolti, kwahiyo tangu jeshi la Marekani liichukue mwaka 1936 watu wameisafisha kwa kuingiza mdeki mdomoni. Mdeki wa chuma wa vipande vya kuunga, unapinda kidogo ukiusukuma, unasugua upande mmoja, kwenye maungio unabeba na mchanga, fanya hivyo kwa miaka na miaka na mikono tofauti tofauti, chuma kinakwisha. Waliopita jeshini huko nyumbani wakaishika SMG, yaani AK-47, wanaijua ile kopo ndogo ya vifaa vya usafi inayokaa ndani ya kitako cha bunduki, kifuniko chake kina tundu, kinavishwa mdomoni mwa mtutu halafu mdeki unapita humo katikati. Wengi hudhani ni kifuniko tu. Kazi yake ni kuzuia mdeki usikwaruze hiyo hiyo kraun ninayoizungumzia, Warusi waliliona tatizo mapema. Na kwenye Mosin-Nagant zao za zamani utakuta nyingi mdomo umechimbwa kwa ndani kidogo, ile sehemu iliyolika imetolewa ili ukingo mpya uanzie ndani zaidi, sio urembo ule, ni ukarabati wa karakana za jeshi.

Yangu ni ya Springfield Armory, imepita kwa wamiliki sijui wangapi. Nilivyoikagua kwa lensi ya kukuzia na tochi, bunduki tupu na bolti imefungwa nyuma, nikaona upande wa chini kushoto, kama pale penye namba 8 kwenye uso wa saa, tuta moja kati ya yale manne yanayotenganisha mifereji ya ndani limelainika linang'aa, wenzake matatu bado yana kona kali. Nikachukua pamba ya masikio nikaivuta kutokea ndani kuja nje taratibu huku naizungusha, sehemu moja ikanasa na kuacha nyuzi, maana yake kuna kinyuzi cha chuma kimesimama. Kipimo hiki hakina gharama kila mtu anaweza kukifanya. Kingine angalia masizi baada ya kupiga risasi kadhaa, mtutu wa mifereji minne unatakiwa uache alama nne zinazofanana mdomoni, yangu ilikuwa na tatu nzuri na moja imetapakaa kama wino uliomwagika.

Kilichonifanya nimwamini mzee ni kwamba hakukimbilia hela. Kabla hajaangalia kraun alishika saiti ya mbele akaitikisa. Kwenye Garand saiti ya mbele imefungwa kwenye silinda ya gesi, lile bomba la mbele linalopokea gesi ya kuendesha bunduki, silinda ikilegea saiti inacheza na utalaumu mtutu bure. Yangu ilikuwa imekaza. Akaangalia mbao kama resiva imekaa vizuri kwenye kitako, akaangalia kama ile opereting rodi, fimbo inayosukumwa na gesi kurudisha bolti nyuma, inasugua mahali, ndipo akaingiza geji ya mdomo akanionyesha kwamba mtutu umepanuka mdomoni ila sio wa kutupa. Akaniambia waziwazi kama ulaji ungekuwa umezama sana ndani angenishauri mtutu mpya, kwa sababu Garand haikatiki ovyo, mbele ya silinda kuna kipande kifupi tu cha mtutu, ukikifupisha kwa fujo umeharibu.

Kazi aliifanya kwa mkono, hakutumia mashine ya kukereza. Nilisita kidogo, maana maneno ya mtaani ni kwamba kraun ya maana inakatwa kwenye mashine peke yake, na kwa bunduki za bolti za mashindano mimi mwenyewe bado naamini hivyo, tena fundi awe ameupanga mtutu kwa kufuata tundu la ndani, sio ngozi ya nje, kwa sababu tundu na ngozi ya nje mara nyingi havina kitovu kimoja. Ila kwa Garand iliyoungwa na resiva yake kikataji cha mkono ni sawa kabisa mradi kile kipini cha brasi kinachoingia ndani ya mtutu kukiongoza kisiwe na nafasi hata kidogo. Hapo ndipo uone tofauti ya fundi na mtu mwenye vifaa. Mzee ana kisanduku cha vipini vinavyopishana kwa unene wa unywele, akajaribu kimoja kinacheza, cha pili kinacheza kidogo, cha tatu kikaingia kwa kusukumwa na mafuta. Alishatoa silinda ya gesi pembeni. Akazungusha kikataji polepole upande mmoja tu, hakirudishwi nyuma, mafuta mengi, anafuta, anaangalia, anazungusha tena mpaka rangi ya wino aliyopaka mdomoni ikaondoka mduara mzima. Akamalizia kwa brasi ya duara na dawa ya kusagia kuondoa vinyuzi. Nilisimama pembeni muda wote, alikubali, na maswali yangu alijibu bila kununa.

Nilimuuliza kuhusu ile kraun ya digrii 11 ambayo vijana wa benchi, wale wanaoshindana kwa kuegemeza bunduki mezani, wanaisifia kama dawa. Mzee akacheka. Kwa maelezo yake, na mimi nimeishaamini, pembe sio ishu, iwe digrii 11, iwe bapa, iwe ya mviringo kama za kiwandani, gesi haijui hesabu za pembe, inachojua ni kama mlango umefunguka sawa pande zote. Ile iliyozama ndani faida yake ni kwamba ukigonga mdomo wa bunduki mahali ukingo wenyewe haupati jeraha. Kwahiyo ukiona fundi anakuchaji zaidi kwa sababu kraun yake inang'aa au ina pembe ya kipekee, muulize alitumia kipini cha saizi gani, akibabaika chukua bunduki yako uondoke.

Matokeo sasa. Nilimwomba asiguse kitu kingine chochote ili nisidanganyike. Risasi za loti moja, meza ileile, yadi 100, makundi ya risasi kumi kumi, maana kundi la risasi tatu linaweza kukufurahisha bure, bahati tu. Kabla ya hapo makundi yalikuwa yanazunguka inchi tano hivi, baada ya kazi yamekaa kwenye inchi tatu. Mtu wa bunduki za kisasa ataona inchi tatu ni aibu, sawa, lakini piga hesabu ya mashindano. Mechi ya Garand kule Camp Perry, kando ya Ziwa Erie, unapiga yadi 200 kwenye shabaha ya karatasi iitwayo SR ambayo duara la alama kumi lina upana wa inchi 7. Inchi tano za yadi 100 ni inchi kumi za yadi 200, yaani hata ukiwa umeshika bunduki kama jiwe nyingine zitaangukia tisa tu bila kosa lako. Inchi tatu ni sita, zinaingia. Sijasema sasa napiga kumi zote, ule mkao wa kusimama bado unaniaibisha vilevile na huo hauna fundi.

Lawama. Aliniambia niache bunduki wiki moja atanipigia aniite siku ya kazi. Ikapita wiki, ikapita nyingine, simu haipokelewi, ujumbe anasoma hajibu, imekatika karibu mwezi ndio napigiwa asubuhi asubuhi njoo leo, kama mimi sina kazi. Kazi yenyewe haikufika saa moja na nusu! Kama una mechi karibu usimpelekee, utapiga na bunduki ya kuazima. Halafu risiti yake ni karatasi ya mkono haina hata namba ya bunduki, mimi nilimwomba aiandike, na wewe muombe, kitu cha moto hakiachwi kwa mtu bila maandishi.

Bei naona ni ya haki, mtutu mpya na kufungiwa ungekula mamia ya dola. Kama shida yako ni kinyuzi tu cha juu juu na ukingo haujalika, usimpelekee kabisa, skrubu ya brasi ya kichwa cha duara na dawa ya kusagia vali inatosha, ila ziba mtutu kwa tambara kwanza ili uchafu usiingie ndani na mkono uwe unayumbisha skrubu usiikandamize sehemu moja. Kwa mdomo uliolika kweli hiyo skrubu itang'arisha uharibifu tu.

Anachukua keshi na cheki, kadi hana. Jumamosi hafungui. Akikurudishia Garand atakupa bure kikombe kidogo cha plastiki cha kuvisha mdomoni wakati wa kusafisha, usikikatae eti unacho nyumbani, hiki chake kinabana vizuri kuliko cha dukani nilichokuwa nacho.