Maji chumvi ya pua kwa baridi ya Arusha: yanafaa, ila isome chupa kabla ya kulipa

Ukiingia famasi mwezi wa Julai ukasema tu "naomba dawa ya pua", unaweza kutoka na kimoja kati ya vichupa viwili vinavyofanana kwa umbo na hata rangi ya boksi. Kimoja ni maji chumvi. Kingine ni dawa ya kuzibua pua iliyoziba kwa mafua. Pua iliyokauka, inayowasha na kutoa ukoko wenye chembe za damu inahitaji cha kwanza. Cha pili kitaiongezea ukavu.

Njia rahisi ya kuvitofautisha ni kusoma jina la kiambato. Likiishia na "zoline", kama xylometazoline au oxymetazoline, hiyo ni dawa ya kubana mishipa ya damu ndani ya pua. Inazibua kweli, tena kwa dakika chache, lakini hukausha utando, yaani ngozi laini ya ndani ya pua, na ukiitumia mfululizo kupita siku tano hivi pua huanza kuziba yenyewe kila dawa inapoisha nguvu. Hapo mtu hununua chupa nyingine, kisha nyingine, akiamini mafua yamegoma kupona. Mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asiiguse bila kuuliza. Chupa unayoitaka imeandikwa "Sodium Chloride 0.9%". Angalia pia tarehe ya mwisho wa matumizi, na hakikisha muhuri wa kifuniko haujakatwa.

Hiyo 0.9 ndiyo moyo wa bidhaa yenyewe. Ni gramu 9 za chumvi kwa lita ya maji, kiwango kinacholingana na maji ya mwilini, kwa hiyo hayachomi. Kuna spreyi nyingine, hasa za maji ya bahari, zenye chumvi ya asilimia 2 hadi 3. Hizo huvuta maji kutoka kwenye utando uliovimba na zinasaidia aliyeziba, ila kwa pua kavu zinawasha. Usidhani chumvi nyingi ni nguvu zaidi.

Watu wa Ngaramtoni, au wa Kibosho na Machame upande wa Moshi, hushangaa pua inakaukaje wakati asubuhi majani yote yamelowa umande. Sababu ni kwamba hewa ya baridi haina nafasi ya maji mengi. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 10, hata ikijaa ukungu, hubeba mvuke wa kama gramu 9. Ikishafika mapafuni na kupata joto la nyuzi 37 inatakiwa iwe na gramu 44 hivi. Zinazopungua, yaani gramu 35, hutolewa na pua na njia ya hewa. Mwendesha bodaboda anayepigwa upepo alfajiri bila kushusha kioo cha helmeti hulipa deni hilo kwa kasi kuliko mtu mwingine yeyote mjini. Ongeza vumbi la barabara za mitaani na moshi wa kuni, na utando unapasuka.

Sasa matumizi, kwa sababu wengi wanaosema maji chumvi "hayafanyi kazi" hukosea hapa. Penga kamasi taratibu kwanza. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikirudishe nyuma. Pua ya kulia ipulizie kwa mkono wa kushoto, na ya kushoto kwa mkono wa kulia, ili mdomo wa chupa uelekee upande wa sikio badala ya ukuta wa katikati. Sehemu ya mbele ya ukuta huo ina mishipa mingi midogo iliyo karibu sana na ngozi, na ndipo damu nyingi za puani hutokea. Ukiupulizia moja kwa moja kila siku unaukwaruza wewe mwenyewe. Puliza mara moja au mbili kila tundu, vuta hewa kidogo tu, usinuse kwa nguvu hadi maji yafike kooni. Rudia mara nne hadi sita kwa siku. Mara moja usiku haitoshi, maana maji hayo hukaa puani muda mfupi.

Kati ya spreyi na matone, kwa mtu mzima naichagua spreyi. Hutawanya maji vizuri na unaweza kuitumia ukiwa umesimama kituo cha daladala. Matone yanafaa watoto wachanga: tone moja au mawili kila tundu kabla ya kunyonya, mtoto akiwa amelala chali. Mtu mzima akitumia matone bila kulala, mengi humtiririkia mdomoni. Kasoro ya chupa nyingi za spreyi ni kihifadhi, yaani kemikali ya kuzuia maji yasiharibike, kiitwacho benzalkonium chloride. Kwa wiki moja au mbili si tatizo kwa walio wengi, lakini kinaweza kuwasha utando ambao tayari una vidonda. Atakayetumia msimu mzima atafute isiyo na kihifadhi, au vichupa vidogo vya dozi moja. Na chupa ni ya mtu mmoja. Familia ikichangia, inachangia na mafua.

Chupa ikiwa ghali, maji hayo yanatengenezeka nyumbani. Chukua nusu lita ya maji, yachemshe hadi yatokote kwa nguvu dakika moja kamili, yaache yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi laini, iliyosawazishwa kwa kisu. Chumvi ya mawe haipimiki kwa kijiko kwa sababu inaacha nafasi katikati ya punje, isage kwanza. Kuchemsha si hiari hata kwa maji ya chupa ya dukani, kwani maji salama tumboni si lazima yawe salama puani: kuna vijidudu ambavyo tumbo huviua ila vikipita puani ni hatari kubwa. Tumia bomba la sindano la mililita 10, bila sindano yake, ukisukuma polepole juu ya sinki. Yanayobaki yamwage baada ya saa 24. Yakichoma, chumvi imezidi au imepungua sana. Maji matupu nayo huchoma.

Wapo wanaoongeza chembe za baking soda kulainisha, na haina ubaya. Lakini magadi si baking soda. Magadi ni makali zaidi na yataunguza utando. Baking powder nayo ina asidi ndani yake. Kama huna uhakika na kilichomo kwenye kopo, acha chumvi peke yake.

Maji chumvi yana udhaifu mmoja wa kweli: hayashikilii unyevu usiku kucha. Ukoko ukijirudia kila asubuhi, paka mafuta kidogo ya mgando kwa ncha ya kidole kwenye mzingo wa ndani wa tundu, sentimita moja ya mwanzo basi, muda wa kama saa mbili kabla ya kulala. Usiyasukume ndani wala usiyatumie kwa miezi, maana mafuta yakivutwa kidogo kidogo hadi mapafuni yanaweza kuleta nimonia. Mafuta ya menthol na kafuri yasiingie puani kabisa. Ule ubaridi wake huidanganya hisia kwamba pua imefunguka, na mtoto wa chini ya miaka miwili hapaswi kupakwa.

Kujifukiza kunapooza kwa muda mfupi, ila sufuria ya maji yanayochemka karibu na mtoto sikubaliani nayo. Mashine za kuongeza unyevu chumbani naona si lazima kwa nyumba nyingi za Arusha. Zinamfaa anayelala na hita ya umeme, kwa sharti la kubadilisha maji kila siku na kuisugua mara kwa mara, la sivyo inapuliza ukungu wenye vijidudu. Jiko la mkaa ndani ya chumba cha kulala halina nafasi, kwani gesi yake inaua. Piritoni hukausha pua, hivyo isiwe kimbilio kama hakuna mzio. Ugoro vilevile: mzee anayenusa ugoro na kupuliza maji chumvi siku hiyo hiyo hatapona.

Damu ikitoka, kaa wima, inama mbele, bana sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Ikipita nusu saa, nenda hospitali. Anayetokwa damu tundu moja tu mara kwa mara, mwenye ukoko unaonuka, au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aonwe na daktari wa masikio, pua na koo. Hospitali ya KCMC pale Moshi wana kitengo hicho.

Kwa wanaopanda Kilimanjaro, chupa hii ni mzigo mdogo wenye faida kubwa, kwani kuanzia kambi ya Horombo, mita 3,720, hewa ni kavu kuliko ya mjini kwa mbali. Funika pua kwa skafu ili unyevu wa pumzi yako ukurudie. Usiku wa kambi ya Kibo, iliyo juu zaidi, chupa huganda ikiachwa kwenye begi, hivyo lala nayo ndani ya mfuko wa kulalia. Na ukichemsha maji ya kutengeneza mengine huko juu ya mita 2,000, yatokote dakika tatu, kwa sababu huko yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100.