Nyama ya kangaruu: pakiti ya kwanza niliiharibu mwenyewe

Nina mwaka wa tatu hapa Adelaide, na muda wote huo nyama ya kangaruu nilikuwa naipita tu kwenye friji la supamaketi. Imepangwa pale jirani na kondoo na ng'ombe, haina makuu. Mwenzangu kazini alinieleza kwamba Australia Kusini iliruhusu iuzwe kwa ajili ya watu mwaka 1980, majimbo mengine yakaja kuruhusu 1993, na kabla ya hapo ilikuwa inaishia kwenye chakula cha mbwa. Hiyo habari ya mbwa ndiyo iliyonikwamisha. Kilichonikwamua ni bei ya steki ya ng'ombe. Mwisho wa mwezi mmoja nikajikuta kwenye foleni na pakiti ya gramu 500.

Ukiichana pakiti, kwanza unakutana na rangi: nyekundu iliyokolea hadi inakaribia bitiruti, na damu imejikusanya chini. Halafu harufu. Si ya kuoza, ni ya pori. Aliyewahi kula swala ataitambua, ila aliyezoea kuku wa kisasa atafungua dirisha. Mafuta hakuna kabisa, na kweli kwenye pakiti wameandika hayafiki asilimia 2.

Sasa mimi nyama nimefundishwa na mama: unaichemsha kwanza kwa chumvi na tangawizi, ikiiva ndiyo unaiunga. Nikabandika. Baada ya dakika arobaini naibonyeza, ngumu. Nikaongeza maji, nikaongeza moto, ikazidi kukaza. Ilipofika mezani ilikuwa raba ya ndala yenye ladha ya ini lililoungua. Ugali siku ile tuliula na kachumbari.

Nilikata tamaa mpaka siku nilipopita Adelaide Central Market, nikamsimulia muuza nyama mmoja. Alicheka kwanza. Kisha akanieleza kwamba steki isiyo na mafuta haina cha kuilainisha, kwa hiyo kila dakika unayoiacha motoni unaikausha. Mafuta pakaza kwenye nyama yenyewe, kikaango kiache kipate moto hadi kianze kutoa moshi, weka dakika mbili upande huu, mbili upande ule, itoe. Ifunike kwa foili ipumzike dakika tano, ndipo ukate kwa kukatisha nyuzi.

Nikafanya hivyo hivyo. Katikati ilibaki nyekundu, na kwa mtu wa kwetu nyama yenye wekundu ni mtihani. Kipande cha kwanza nilikimeza bila kukiangalia. Cha pili nilikitafuna. Jamani, laini! Ina utamu wa mbali kidogo, na ile harufu ya pori imegeuka kuwa ladha. Mimi naiwekea chumvi, kitunguu saumu na pilipili mbuzi, ndimu nakamulia mezani. Mke wangu alikuwa mjamzito wakati huo, na nyama isiyoiva vizuri inaweza kuwa na vimelea, kwa hiyo yeye hakuonja. Hata hivyo sidhani kama angekubali.

Jambo moja wenye wageni mliangalie. Kangaruu hawafugwi. Wanawindwa porini usiku na watu wenye leseni, kwa taa kali na risasi ya kichwa, na serikali ndiyo inayopanga kila mwaka wapigwe wangapi. Hakuna kuchinja hapo. Jirani yetu wa Mombasa aliigeuza pakiti mbele na nyuma akitafuta alama ya halali, hakuiona, akaomba samaki. Alikuwa na haki yake, mimi ndiye niliyepaswa kuuliza kabla ya kumwalika.

Lakini kama unataka kuchemsha kwa mtindo wetu, achana na steki, tafuta mkia. Huu ndio ulionifanya niandike. Wenyeji wa asili wa bara hili wanababua manyoya kwenye moto, kisha wanaufukia kwenye majivu na makaa, na kule Alice Springs unaukuta dukani umegandishwa na manyoya yake. Wangu nilinunua umeshasafishwa na kukatwa pingili. Niliuacha jikoni kwa moto mdogo muda wa saa tatu na nusu, na tangawizi, karoti na nyanya mbili. Mchuzi ukawa mzito wa kunata kwenye midomo, nyama ikawa inaachia mfupa kwa kuguswa na kijiko. Ukiwa na mafua, supu hii na ndimu utasahau ya pweza. (Watu wa Pwani mtanisamehe.)

Steki naipa nyota nne kati ya tano, moja nimeikata kwa sababu ukizubaa dakika moja umepoteza hela. Mkia naupa tano. Soseji zake nilijaribu mara moja, kavu, zimejaa viungo vya kuficha kitu. Sinunui tena.