Themu imefutika, na fundi ananiambia nisiguse apdeti

Ukitaka kutengenezewa blogu ya WordPress hapa Moshi, kuna ofisi moja maeneo ya stendi, jina sitaji. Kabla hujawapa hela, wao au fundi mwingine yeyote, uliza swali moja: mabadiliko yangu unayaandika kwenye themu mama au themu mtoto? Themu ni folda ya mafaili yanayoipa blogu sura yake: ya mama ni ile ya mtengenezaji, ya mtoto ni folda ya pembeni yenye mabadiliko yako tu, ambayo apdeti ya mama haiigusi. Akikukodolea macho, nyanyuka uondoke.

Mimi sikuuliza. Blogu ni ya ziara za maporomoko ya Materuni na kahawa ya Uru, na waliponikabidhi ilipendeza kweli: kijani nilichokitaka, vitufe vinasema "Soma zaidi", na chini kabisa nambari ya WhatsApp ya kuweka nafasi. Kumbe vyote hivyo wameviandika moja kwa moja ndani ya style.css (faili la rangi na mpangilio), functions.php (la maagizo ya utendaji) na footer.php (la sehemu ya chini ya ukurasa) za themu yenyewe. Themu ikisasishwa, WordPress haichanganyi la zamani na jipya, inafuta folda nzima na kuweka nyingine. Juzikati nimebonyeza apdeti, haikupita dakika kijani kimekuwa bluu, "Soma zaidi" imerudi Kiingereza, na palipokuwa na nambari pamekaa jina la mtengenezaji wa themu. Msimu wa wageni huu, na nambari haipo!

Nimefika ofisini, kijana hata macho hajayainua kwenye simu yake. "Dada, nani kakuambia uguse apdeti? Wewe andika makala, mengine tuachie sisi." Na dawa yake ni kwamba nisisasishe tena kabisa. Hapo ndipo damu ilipochemka. Tundu la usalama la plagini (programu ndogo ya nyongeza) au themu likishatangazwa, roboti za wadukuzi zinazunguka mtandaoni zikitafuta tovuti ambazo bado hazijazibwa. Unamwambiaje mteja aache mlango wazi kwa sababu wewe ulikosea kuweka kitasa?

Na kazi waliyoikwepa si kubwa. Unafungua folda mpya ndani ya wp-content/themes, unaweka style.css yenye mistari miwili juu: Theme Name, jina lolote upendalo, na Template, ambapo unaandika jina la folda ya themu mama herufi kwa herufi. Ukiweka herufi kubwa penye ndogo, utaambiwa themu mama haipo. Footer.php unainakili humo na kuibadilisha, WordPress itatumia ya mtoto. Ila functions.php usiinakili nzima! Zote mbili husomwa, ya mtoto ikianza, na jina moja la fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina lake) likitangazwa mara mbili blogu inaanguka. Andika mpya yenye mistari yako tu. Themu nyingine zinahitaji humo humo uite style.css ya mama, la sivyo ukurasa unatokea bila mpangilio wowote. Na kila apdeti kubwa, linganisha footer.php yako na ya mama, maana nakala yako haisasishwi.

Kama ni rangi tu, hata themu mtoto huihitaji. Weka kwenye sehemu ya CSS ya ziada (Additional CSS, pa kuandikia maagizo ya muonekano) ndani ya WordPress, inahifadhiwa kwenye hifadhidata, ghala la makala na mipangilio ya blogu, na apdeti haiigusi. Ukihamia themu nyingine ndipo utaiweka upya.

Bakapu nayo? Walikuwa nayo, ya hifadhidata peke yake. Makala zangu zote zimo, nashukuru, lakini footer.php ni faili, haikai humo. Bakapu kamili ni hifadhidata, folda ya wp-content (themu, plagini na picha) na wp-config.php (faili la mipangilio ya blogu), na nakala moja ikae nje ya seva, Google Drive inatosha. Halafu ijaribu kuirudisha mahali pa majaribio kabla hujaihitaji.

Haki yao niwape: domeini ya .co.tz waliiandikisha kwa jina langu, si lao, na picha walizipunguza vizuri, upana wa pikseli 1200, karibu KB 150 kila moja, hivyo msomaji wa bando dogo haumii. Kwa hayo nilikuwa nawapa nyota tatu, pengine hata nne, kwa sababu mkono wao kwenye muonekano ni mzuri. Kisha wakaniambia nilipie upya ili warudishe nilichokwisha kulipia. Nyota moja!

Jana mwenye ofisi kanipigia mwenyewe. "Samahani sana dada yangu, kijana amekukosea," na ameahidi themu mtoto bila malipo. Nimemwomba anitumie folda niikague kabla hajaipandisha. Nimepandisha hadi nyota mbili, na hapo zitakaa mpaka nione mstari wa Template kwa macho yangu.