Trela la ng'ombe kwa baridi ya Montana: lala chini ulitazame kabla ya kulipa

Mfugaji wa Montana au Wyoming, majimbo ya Marekani yenye baridi kali, anayetafuta trela la alumini hakosi kusikia habari za matrela ya Featherlite 8127 na Wilson Ranch Hand. Yote mawili hufungwa kwenye tufe la chuma la inchi 2 na 5/16 lililo katikati ya bodi ya pikapu. Barabara ikiwa na barafu, mfumo huo unasaidia sana: mzigo hukalia magurudumu ya nyuma ya gari na trela haliyumbi ovyo. La kufungwa kwenye bampa mwachie mwenye ndama watatu wa kupeleka mnadani kiangazi.

Chuma au alumini? Bei isikuamulie. Adui mkubwa huko si theluji, ni magnesiamu kloridi ya maji, chumvi inayonyunyizwa barabarani kuyeyusha barafu. Hunyonya unyevu wa hewani, hivyo trela hubaki bichi hata lami ikikauka. Ikichanganyika na mkojo wa ng'ombe, chuma huliwa kuanzia ndani ya mihimili, ambako rangi haikufika. Alumini haishiki kutu, ila nayo ina udhaifu wake: inapogusana na chuma, kwenye boliti za ekseli na bawaba, chumvi huila na kuacha unga mweupe. Kwa hiyo ingia chini na tochi. Kati ya ekseli na mhimili pawe na utepe au kipande cha plastiki cha kuvitenganisha. Ukikuta unga huo kwenye trela lililotumika, na boliti imeanza kucheza kwenye tundu lake, achana nalo.

Sasa uzito, na hapa wengi hupotea. Sakafu ya futi 24 kwa 7 ina futi za mraba 168. Ng'ombe wa kilo 550 anataka futi 12 hadi 13 za mraba, basi 13 wanaenea vizuri tu. Lakini hao ni kilo 7,150, na trela lenyewe huongeza kilo 2,000 au zaidi. Ekseli mbili za pauni 7,000 hubeba kilo 6,350 kwa jumla. Hata pikapu ikibeba robo ya mzigo, bado umezidisha. Agiza ekseli tatu, au mbili za pauni 8,000, kisha usome bamba la uzito na kuliheshimu.

Ekseli za raba, zinazotumia raba ndani yake badala ya springi, hutulia zaidi kwenye lami, lakini raba hukakamaa baridi ikizidi, na ikichoka unabadilisha ekseli nzima. Kwa barabara za vumbi na mashimo, springi za bapa ni bora: huvunjika, ndiyo, ila hufungwa nyingine palepale shambani kwa jeki na spana.

Mlango wa nyuma uchunguzwe kuliko rangi. Ule wa kuteleza wenye reli chini hujaa kinyesi kibichi, kinaganda kama zege, na ng'ombe wako ndani. Chagua unaoning'inia kwenye roli za juu. Jaribu komeo ukiwa umevaa glovu nene; likikushinda dukani, usiku wa nyuzi -25 za Selsiasi utalia. Maji ya moto usimwage, yataganda tena kabla hujafungua.

Matundu ya pembeni yawe na vibao vya plastiki vya kuchomoa kwa mkono. Kwa nyuzi -20 na mwendo wa kilomita 90 kwa saa, upepo huo kwa ngozi ya binadamu ni sawa na nyuzi -39, na masikio ya ndama mchanga hayastahimili. Safu ya juu iache wazi, la sivyo pumzi hugeuka maji, hudondokea migongoni, na manyoya yakilowa hayahifadhi joto tena.

Mikeka ya raba iwe ya kuinuliwa, maana mkojo hukaa chini yake ukiila sakafu kimyakimya.

Ukishaliosha, liendeshe polepole ukibonyeza breki mpaka ngoma zikauke. Ukiliegesha na maji, viatu vya breki huganda kwenye ngoma na magurudumu yataburutwa. Betri ndogo ya breki za dharura, zinazojifunga trela likichomoka kwenye pikapu, nayo huchoka kwa baridi: chomoa plagi ya pikapu, vuta pini ya breki hizo, usogeze gari kidogo. Magurudumu yakizunguka, weka betri mpya kabla ya kupakia.