Filta ya giza nusu: bahari ya Bagamoyo na mlima wa Moshi

Kila nilipokwenda Bagamoyo alfajiri nilirudi na picha za aina mbili: ama anga limekuwa jeupe pe bila wingu hata moja, ama ngalawa zimekuwa vivuli tupu. Ufukwe ule unatazama mashariki, jua linachomoza juu ya bahari usoni mwako, na kamera haimudu anga na mchanga kwa mpigo kama jicho linavyomudu. Hapo ndipo niliponunua filta za giza nusu: kipande cha mstatili kinachokaa mbele ya lenzi, juu kina giza, chini ni angavu.

Nilichukua mbili za milimita 100 kwa 150, zote za stopu 3 (kila stopu hukata mwanga nusu), maana yake upande wa giza unapitisha moja ya nane tu ya mwanga. Ya kwanza giza lake linakatika ghafla katikati, ya pili linafifia polepole.

Ile ya kukatika ghafla, kwa bahari, naipenda mno. Upeo umenyooka, kwa hiyo naiteremsha kwenye kishikio hadi mpaka wa giza ulale juu ya mstari wa maji, kisha napima mwanga kwa ajili ya mchanga. Asubuhi ya kwanza niliona kwenye skrini mawingu yenye rangi ya papai lililoiva, na chini yake kamba, mbao na mirengu ya ngalawa, vyote katika picha moja. Nilisimama pale nikiitazama hadi maji yakanifika miguuni.

Moshi mambo yakawa mengine. Upeo wa kule una migomba, mikaratusi na mlima wenyewe, basi filta ileile ikakikata Kilimanjaro: kilele kikawa cheusi na barafu ikageuka kijivu. Ile inayofifia iliokoa picha, ila stopu 3 zilizidi. Ukiwa Moshi unatazama kaskazini, jua la asubuhi liko ubavuni, na anga haliwaki kama la Bagamoyo. Stopu 2 zingetosha.

Wengi huuliza kwa nini nisitie giza kwenye kompyuta. Programu inafanya kazi kwenye kile kilichonaswa. Palipoungua, yaani palipokuwa peupe pe kwa mwanga kuzidi, hata faili la RAW (picha ghafi ya kamera) halirudishi kitu. Kuunganisha picha mbili, moja iliyopimwa kwa anga na moja kwa ardhi, kunafaa kwa mlima uliotulia, na siku hizi kule ndivyo nifanyavyo mara nyingi. Lakini mawimbi na ngalawa havikusubiri upige ya pili.

Kasoro zipo. Zangu ni za plastiki, zinachubuka kwa mchanga, na hiyo ya kukatika ghafla inavuta kidogo kwenye zambarau. Chumvi isuuze kwa maji baridi kabla ya kupangusa. Za duara za kufungia kwenye lenzi sizishauri: mpaka wake umekaa katikati, haushuki wala haupandi, nawe utalazimika kupanga kila picha kwa kuufuata.

Anayepiga pwani aanze na ya kukatika ghafla. Yangu ya mlimani naibadilisha kwa ya stopu 2 kabla ya Januari.